Sita kwa Moja

Ramani waliitandaza sakafuni, darasa la nne B,
wakaibana kwa mawe pembe zote nne,
maana upepo wa Agosti huku Dodoma
hauombi ruhusa kwenye dirisha lisilo na kioo.
Mtaa wetu ulikuwa kijivu kitupu
na maneno mawili katikati: MAKAZI HOLELA.
Bibi Nyendo hajui kusoma. "Pameandikwaje hapo?"
Kapufi, kijana wa mipango miji, akakohoa:
"Pameandikwa bado hatujapajua."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kidogo.

Akagawa kalamu za rangi. Alitaka tumwonyeshe
maji ya Januari hupitia wapi kwenda korongoni,
na gari la wagonjwa lilikwama wapi
usiku ule mke wa Chedego alipojifungulia mkokotenini.
Watu wakachora, wakafuta, wakachora.
Mtoto mmoja alimchora mbwa wa Malogo, mkubwa kuliko shule.
Kapufi hakumfuta.

Kisha akasema, "Barabara inataka mita sita.
Nani anazijua kuta hizi?"

Macho yote kwangu.

Nyumba kumi na saba za mtaa huu ni mkono wangu mimi, Mwaluko,
nyingi za usiku, kwa koroboi, mgambo wakiwa wamelala:
unaanza Ijumaa jioni, Jumatatu pana bati,
moshi wa uji unafuka, na nani atavunja penye uji?
Timazi yangu ilikuwa jicho.
Leo nimeshikishwa futi kamba mchana kweupe,
nimevikwa kizibao cha njano kama mtu wa serikali.

Tukapima. Choo cha Ndahani kikasalimika
kwa upana wa kiganja; akachinja jogoo.
Wengine walibishana siku tatu, kwa nini kwangu, si kwake,
mpaka Bibi Nyendo akachoka:
"Ng'ateni pande zote sawasawa,
tusije tukasalimiana kwa kinyongo miaka ishirini."

Ukabaki ukuta wa mbele wa Sechelela.
Alitia saini bila mkono kutetemeka.
"Aliyeujenga ndiye auvunje," akasema,
"anajua uti wake wa mgongo ulipo."

Pigo la kwanza, vumbi.
La pili, ufa kutoka lenta mpaka msingi.
La tatu, ukuta mzima ukaketi chini
kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa kaa.

Sechelela akaokota kipande cha lipu, akakifinya.
Kikawa mchanga kiganjani, mchanga wa korongo.
"Nilikupa mifuko mitano," akasema.
Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Mitano, ndiyo. Miwili ilikwenda kwenye jiko la mama yangu.
Ndoo sita za mchanga kwa moja ya saruji, ndivyo nilivyofundishwa;
yeye nilimpa kumi kwa moja
na miaka tisa nikapita mbele ya ukuta ule nikimwamkia.
Kapufi alitazama daftari lake, akageuza ukurasa
ambao haukuwa na kitu.
Nilivua kizibao nikakiweka juu ya kifusi.

Niliuza baiskeli. Nilileta mifuko mitatu,
miwili ya deni, mmoja sijui wa nini.
Tukarudi nyuma mita moja na nusu, nikachimba msingi upya,
naye akaweka kigoda juani, akahesabu ndoo kwa sauti:
tano, sita, haya, saruji.
Watoto wakadaka hesabu ile, wakarukia kamba.
Kapufi alipokuja kusimika bikoni ya kona
akaomba karai moja ya zege yangu.
"Ngoja kwanza," akasema Sechelela, "nimhesabie."

Barabara ikapita. Bado ni vumbi, lakini inapita.

Mvua ya kwanza ilianguka Desemba, usiku wa manane,
ile ya Dodoma inayokuja kama bati linamwagiwa kokoto.
Nilitoka na tochi kwenda kuuangalia ukuta.
Nilimkuta Sechelela ametangulia,
amejifunika kiroba kichwani,
na tochi yake.